Shujaa Asiye Shujaa: Istilahi za Riwaya ya Fumbo na Mhusika Mwenye Haya

Miongoni mwa istilahi za fasihi zilizoingia madarasani na katika ofisi za uchapishaji bila ya kupimwa vya kutosha, mojawapo ni neno "shujaa" linapotumiwa kwa maana ya mtu ambaye hadithi inamhusu kuliko wengine wote. Chanzo cha matumizi hayo ni dhahiri. Kiingereza kina neno moja, lenye asili ya Kiyunani, ambalo hutaja watu wa aina mbili: kwanza, mtu jasiri aliyetenda makuu, pili, mtu ambaye kisa kimejengwa juu yake, awe jasiri au asiwe. Kiswahili kilipotafuta neno la kulingana na hilo kilipata "shujaa", nalo likafaa sana kwa maana ya kwanza. Kisha likatwishwa na maana ya pili, ambayo si mzigo wake.

Kwa muda mrefu mzigo huo haukuonekana kuwa mzito, kwa kuwa hadithi nyingi tulizozizoea zina wahusika wakuu ambao ni mashujaa kweli kweli. Fumo Liyongo ni shujaa kwa maana zote mbili. Katika riwaya zetu za upelelezi, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye wasomaji walimpata katika "Mzimu wa Watu wa Kale" (1960), si mtu wa mabavu, lakini ni mtulivu na hana shaka na akili yake. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tuliyemsoma katika "Kufa na Kupona" (1974), huingia penye risasi pasipo kusita, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa hayuko nyuma yake. Msomaji aliyelelewa na watu hawa huona kuwa ni jambo la kawaida kwamba anayefumbua fumbo ni mtu anayejiamini.

Tatizo huzuka pale mfasiri au mwalimu anapokutana na riwaya ya namna hiyo ambayo mhusika wake mkuu ni mtu mwenye haya, anayeogopa hata watumishi wa nyumba yake mwenyewe, na ambaye hutilia shaka kila neno kabla hajalitamka. Mtu huyu tumwiteje? Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani, "Shujaa wa riwaya hii ni nani?", atamtafuta aliye jasiri kuliko wote na kumtaja mtu asiyekusudiwa. Atakosa alama, ilhali kosa si lake bali ni la istilahi.

Makala haya yanakusudia kulichunguza tatizo hilo kwa kutumia riwaya moja mashuhuri, yaani "Rebecca", ya mwandishi Mwingereza Daphne du Maurier (1907-1989), iliyochapishwa London mwaka 1938. Tumeichagua kwa sababu woga wa mhusika wake si pambo la tabia tu. Ndio nguzo inayolishikilia fumbo lenyewe. Kwa hiyo mfasiri akikosea maneno ya woga, amekosea kisa chote. Na kwa kuwa haiwezekani kueleza istilahi za fumbo bila ya kulifumbua, msomaji ambaye hajaisoma riwaya hiyo, na angependa kushangazwa nayo, anaombwa aisome kwanza.

Kisa kwa muhtasari

Msimulizi wa riwaya ni msichana maskini ambaye jina lake hatuambiwi tangu mwanzo hadi mwisho. Ameajiriwa na mwanamke tajiri wa Kimarekani, Bibi Van Hopper, kuwa mwandani wake wa safari. Mjini Monte Carlo anakutana na Maxim de Winter, mwenye jumba kubwa la Manderley nchini Uingereza, ambaye mkewe, Rebecca, inasemekana alizama baharini. Wanaoana upesi, na msichana anapelekwa Manderley kuwa bibi wa nyumba.

Huko anakuta kila kitu kimebaki kama Rebecca alivyokiacha. Msimamizi wa watumishi, Bibi Danvers, aliyempenda mno marehemu, anamtazama mgeni kwa dharau ya kimya. Msichana anaamini kwamba mumewe bado anamlilia mke wa kwanza na kwamba yeye mwenyewe hafai. Bibi Danvers anamshawishi avae, katika dhifa ya mavazi, nguo iliyoigwa kutoka kwenye picha ya ukutani, bila ya kumwambia kwamba Rebecca aliivaa nguo ya namna hiyo hiyo. Asubuhi ya pili anamsogeza dirishani na kumnong'oneza ajirushe.

Wakati huo huo meli inakwama mwambani kwa ajili ya ukungu. Mpiga mbizi anayeteremka kuikagua anaiona mashua ya Rebecca, na ndani yake mna maiti. Hapo Maxim anamweleza mkewe ukweli: hakumpenda Rebecca kamwe, yeye ndiye aliyempiga risasi na kuizamisha mashua. Baraza la kuchunguza kifo linaamua kwamba Rebecca alijiua. Binamu yake, Jack Favell, hakubali. Anamtuhumu Maxim mbele ya Kanali Julyan, hakimu wa mahali pale. Uchunguzi unawafikisha kwa daktari ambaye anaeleza kuwa Rebecca alikuwa na maradhi yasiyopona, na hivyo sababu ya kujiua inaonekana kupatikana. Maxim na mkewe wanaporudi usiku wanaiona Manderley ikiteketea kwa moto.

Jina la aina ya riwaya

Yafaa kwanza kuiweka riwaya hii mahali pake. Wengi wangeiita "riwaya ya upelelezi", lakini jina hilo halikai sawasawa. Upelelezi huhitaji mpelelezi, yaani mtu aliyejitwika au aliyetwikwa kazi ya kutafuta ukweli, awe kachero wa polisi au raia kama Bwana Msa. Katika "Rebecca" sehemu kubwa ya kitabu hupita bila ya mtu yeyote kupeleleza, na msomaji hata hajui kwamba kuna jinai ya kupelelezwa.

Wala si "riwaya ya kijasusi", kosa ambalo husikika mara nyingi. Jasusi ni mtu anayetafuta siri za nchi au za jeshi kwa faida ya upande mwingine. Mpelelezi hutafuta aliyetenda uhalifu. Mtu mmoja aweza kufanya kazi zote mbili katika kitabu kimoja, lakini kazi zenyewe hazichanganyiki.

Twaona kuwa jina pana lifaalo ni "riwaya ya fumbo": riwaya ambayo kisa chake kinategemea siri iliyofichwa kwa makusudi na kufichuliwa hatua kwa hatua. Riwaya ya upelelezi itakuwa tawi moja la riwaya ya fumbo. Ama "riwaya ya kusisimua", hilo si jina la muundo bali la athari: ni riwaya yoyote inayomfanya msomaji asisimke mwili. Hali ya msomaji kuwekwa roho juu, akingoja kujua litakalotokea, tayari inaitwa "taharuki", nalo ni neno zuri lisilohitaji kubadilishwa.

Dalili na kidokezo

Maneno mengine mawili yanayohitaji kutenganishwa ni "dalili" na "kidokezo". Wafasiri huyatumia kama pacha, lakini kitenzi "kudokeza" kina mtu ndani yake. Anayedokeza anajua jambo, na anakusudia mwingine alijue kidogo. Alama ya mguu mchangani haidokezi kitu, imeachwa tu. Kwa hiyo twapendekeza "dalili" iwe ni kitu au jambo ndani ya kisa ambalo wahusika wanaweza kulisoma wakaujua ukweli, na "kidokezo" kiwe ni kile ambacho mwandishi anampa msomaji kwa makusudi.

Tofauti hiyo inasaidia sana katika "Rebecca". Msimulizi anamwona mumewe akigeuka rangi kila wanapoukaribia ufuko ambako pana kibanda cha Rebecca. Hiyo ni dalili, naye anaisoma vibaya: anadhani ni huzuni ya mjane aliyefiwa na kipenzi, kumbe ni kumbukumbu ya mahali alipoua. Anakuta leso yenye herufi ya jina la Rebecca katika mfuko wa koti la mvua. Hiyo nayo anaifanya ushahidi kwamba Rebecca angali akitawala. Mwandishi ametuwekea vidokezo wazi, lakini vimepita katika macho ya mtu aliyekwisha kujihukumu. Dalili hazikufichwa. Aliyezisoma ndiye aliyekuwa amejifunga macho.

Katika uhakiki hutumika pia msemo "msimulizi asiyeaminika". Kwa mhusika huyu msemo huo haustahili, kwa sababu neno "asiyeaminika" humfanya msomaji amdhanie mtu kuwa mwongo au mwenye hila, na yeye hakutudanganya hata mara moja. Alisema aliyoyaona na aliyoyadhani. Kwake lingefaa zaidi "msimulizi mwenye upeo mfinyu", yaani msimulizi mkweli asiyeyaona yote.

Maneno ya woga

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Mfasiri anapomkuta mhusika anayesita, anayetetemeka na kushikwa na kigugumizi, neno la kwanza linalomjia ni "mwoga". Ni neno sahihi kwa Kiswahili, lakini ni neno la hukumu. Mwoga ni yule ambaye hatari ikija hukimbia. Ni kweli kwamba methali zetu hazimdharau sana: kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na kwa mwoga huenda kicheko ilhali kwa shujaa huenda kilio. Hata hivyo methali hizo zamsifu mwoga kwa kuwa anajua kujiokoa. Msichana wa Manderley hajui kujiokoa. Alipoitwa dirishani na adui yake, alikwenda. Huyo si kunguru wa methali.

Kiswahili kina utajiri mkubwa katika uwanja huu, na yafaa kila neno lipewe mahali pake:

"Hofu" ni kuogopa jambo maalumu kwa wakati maalumu. Huja na kuondoka. Watu wote katika riwaya hii wana hofu, na Maxim anayo kuliko wengine, ingawa haonekani kuwa nayo.

"Woga" ni tabia ya kuogopa iliyokaa ndani ya mtu.

"Haya" ni kujizuia mbele ya watu kwa heshima na staha. Kwetu haya ni sifa njema, na asiye na haya ndiye mbaya. Mfasiri akisema msichana ana haya, msomaji Mswahili atampenda mara moja, jambo ambalo mwandishi alilikusudia. Lakini asitarajie kwamba neno hilo peke yake litaonyesha kasoro.

"Soni" na "kutahayari" ni hali ya kuona aibu mbele ya watu baada ya jambo kutokea. Msichana anatahayari aliposhuka ngazi na nguo ya dhifa, akaona nyuso zimebadilika.

"Unyonge" ni kujiona huna nguvu wala heshima mbele ya mwenye nazo. Msichana aliyekuwa akilipwa mshahara na Bibi Van Hopper alikuja Manderley na unyonge wake kama mzigo wa safari.

"Wasiwasi" ni mahangaiko ya moyo yasiyo na kituo. Katika Kiarabu, shina la neno hili lahusu kunong'ona, na ni vigumu kupata neno bora kwa kisa ambacho ndani yake mwanamke mmoja anasimama nyuma ya mwingine dirishani na kumnong'oneza ajiue. Bibi Danvers anamtia wasiwasi kwa maana zote mbili, ya leo na ya asili.

Kushuku na kujishuku

Yako maneno mawili zaidi ambayo tumeyaweka kando makusudi, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha nguvu ya lugha yetu katika jambo hili. Maneno hayo ni "kushuku" na "kujishuku".

Kushuku ni kazi ya kila siku ya mpelelezi. Humshuku huyu na yule mpaka abaki mmoja. Tukiingiza kiambishi "-ji-", kitenzi kile kile kinageuka kuwa maradhi ya mhusika wetu: kujishuku, yaani kuhisi kuwa wewe ndiye mwenye kosa, na kwamba watu wakinong'ona basi wanakunong'onea wewe. Kiswahili kwa shina moja kimeunganisha kazi ya riwaya ya fumbo na ugonjwa wa mhusika wake.

Riwaya yenyewe inatupa mfano mwema. Msichana anavunja kisanamu cha kauri katika chumba cha asubuhi. Nyumba ni yake, na kisanamu ni mali ya mumewe. Angeweza kusema tu. Badala yake anavikusanya vigae na kuvificha ndani ya droo kama mwizi. Baadaye kitu kinapotafutwa, ni mtumishi asiye na hatia, Robert, anayetuhumiwa, na hapo ndipo msichana analazimika kukiri. Tukio hili dogo ni riwaya nzima kwa ufupi: kujishuku kwa mtu mmoja kunazaa tuhuma kwa mwingine.

Tutofautishe basi istilahi tatu zilizo jirani. "Kujishuku" ni kuhisi una hatia. "Kujitilia shaka" ni kutokuwa na hakika kama unaweza jambo au kama ulilolifikiri ni sahihi. "Kutojiamini" ni hali ya kudumu ya mtu asiyeutegemea uwezo wake, nalo lafaa litumiwe katika maandishi ya saikolojia na ya elimu. Msichana wa Manderley anayo yote matatu, lakini linaloendesha kisa ni la kwanza. Anajishuku kiasi cha kusahau kumshuku mwingine yeyote. Laiti angemuuliza mumewe swali moja la wazi, "Ulimpenda?", riwaya ingekwisha katikati. Hakuuliza, kwa sababu alikwisha kujijibu.

Kwa hiyo mfasiri anayeweka "mwoga" kila mahali anapoteza ufunguo wa kisa. Msomaji wake ataona mtu mnyonge anayeudhi, wala hataelewa kwa nini siri ilidumu.

Mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa

Kutoka shina hilo hilo tunapata "mshukiwa", na hapa jambo linatoka katika vitabu na kuingia katika ofisi zetu. Maneno "mshukiwa", "mtuhumiwa" na "mshtakiwa" hutumiwa ovyo katika barua, taarifa na magazeti, ilhali yanataja hatua tatu mbalimbali. Mshukiwa ni mtu ambaye wengine wanamdhania, hata kama hakuna aliyetamka. Mtuhumiwa ni yule ambaye dhana hiyo imetamkwa dhidi yake mbele ya wenye mamlaka. Mshtakiwa ni yule aliyefikishwa mahakamani kwa shtaka maalumu. Hakuna hata mmoja kati yao aliye "mhalifu" mpaka hukumu itolewe.

Katika "Rebecca" hatua hizo zinaonekana vizuri. Mjenzi wa mashua alipoeleza mbele ya baraza la uchunguzi kwamba mbao za chini zilikuwa zimetobolewa kutoka ndani na bilula zake zimefunguliwa, Maxim akawa mshukiwa. Favell alipomtaja mbele ya Kanali Julyan, akawa mtuhumiwa. Mshtakiwa hakuwa kamwe. Na huyo ndiye aliyeua. Muda wote huo, aliyeonekana kuwa na dalili zote za hatia, aliyekuwa akigeuka rangi, akidondosha vitu, akijikwaa katika maneno, ni mkewe ambaye hakuwa amefanya lolote.

Mtumishi wa umma anayeandika maelezo ya shahidi yampasa aukumbuke mfano huo. Mtu anayetetemeka mbele ya meza ya ofisi huenda ana haya, huenda ana unyonge, huenda anajishuku bure. Akiandikwa kuwa "ana dalili za hatia" ilhali yapasa aandikwe kuwa "alisitasita katika kujibu", kalamu imekwisha kumhukumu. Neno la kwanza ni tafsiri ya mwandishi. La pili ni jambo lililoonekana. Tofauti hiyo yaweza kumgharimu mtu uhuru wake.

Majina na viwakilishi

Tafsiri ya riwaya hii ingekuwa na matatizo mengine mawili, ambayo twayataja kwa ufupi.

La kwanza ni la majina. Msimulizi hana jina, na jina pekee analopewa, "Bibi de Winter", lilikuwa la mwingine. Asubuhi yake ya kwanza Manderley simu ya nyumbani inalia, sauti inamwita kwa jina hilo, naye anajibu kwamba Bibi de Winter alikwisha kufariki. Mfasiri anaweza kushawishika kumtofautisha kwa kumwita "Bi Mdogo" na Rebecca "Bi Mkubwa", kwani ndivyo nyumba nyingi za pwani zingewaita. Tunaonya dhidi ya jambo hilo. Ni kweli kwamba msichana anaishi kama aliyeolewa uke wenza na maiti, na msomaji wetu atalihisi hilo bila ya kuambiwa. Lakini maneno hayo yangemfanya Rebecca kuwa mke halali aliye hai, na kuuondoa utani mchungu wa watu wawili kuwa na jina moja. Watumishi wamwite "bibi", kama walivyomwita wa kwanza.

La pili ni la viwakilishi. Kiswahili hakitengi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu. Kwa riwaya nyingi za fumbo hii ni neema: "aliingia, akafungua droo, akatoka" haitoboi siri ya jinsia ya muuaji, jambo ambalo waandishi wa Kiingereza hulihangaikia. Katika "Rebecca", hata hivyo, Bibi Danvers na Maxim humzungumzia marehemu bila ya kumtaja jina, na msomaji wa Kiswahili aweza kupotea. Neno "marehemu" litasaidia, ila litumiwe kwa uangalifu. Ni neno la kumtakia aliyekufa rehema. Bibi Danvers angelitamka kwa mapenzi, na watumishi kwa adabu, bali Maxim, baada ya kuungama, angejizuia nalo.

Ujasiri na ushujaa

Turudi kwenye swali la mwanzo: je, neno "shujaa" lingeweza kutetewa kwa hoja kwamba msichana mwishoni anabadilika? Ni kweli anabadilika. Mara tu anapoambiwa kwamba Rebecca hakupendwa, kujishuku kwake kunakwisha. Siku iliyofuata anampa Bibi Danvers amri kuhusu chakula, na anamkumbusha kwamba Bibi de Winter sasa ni yeye. Jina alilolikana katika simu amelichukua.

Lakini tuangalie ni saa gani anapata nguvu hizo. Anazipata katika saa ile ile anapojua kwamba mumewe ameua, na tangu hapo anazitumia kumsaidia aifiche siri. Kiswahili kina maneno mawili ya kulipima jambo hili. "Ujasiri" ni kuthubutu, nao hauna dini: mwizi anayepanda ghorofa usiku ni jasiri. "Ushujaa" ni ujasiri unaostahili sifa kwa ajili ya lengo lake. Msichana wa Manderley alipata ujasiri. Ushujaa hatuwezi kumpa bila ya kwanza kuamua kwamba kificho kile kilikuwa cha haki, na uamuzi huo ni wa msomaji, si wa mfasiri.

Ni jambo la kuangaliwa kwamba filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1940, iliyotokana na riwaya hii na kupata tuzo ya Oscar ya filamu bora, iliibadilisha sehemu hiyo: humo Rebecca anakufa kwa kuanguka, si kwa mkono wa mumewe, kwa kuwa kanuni za maadili za filamu za Marekani wakati ule hazikuruhusu muuaji wa mkewe aachwe bila ya adhabu. Walioitengeneza filamu walitambua uzito wa swali hilo. Nasi tusilijibu kimya kimya kwa neno moja la istilahi.

Neno "shujaa", basi, linamkosea mhusika huyu mara mbili: mwanzoni kwa kuwa hana ujasiri, na mwishoni kwa kuwa ujasiri anao lakini sifa haina hakika. Maneno "nguli" na "jagina", ambayo baadhi ya wahakiki wameyatumia, yana dosari hiyo hiyo, maana nayo yamebeba umaarufu. "Mhusika mkuu" halina sifa wala lawama. Husema tu kwamba kisa kinamhusu zaidi, na ndiyo kazi yote tunayoitaka.

Mapendekezo

Kwa kuhitimisha, twaorodhesha istilahi tunazozipendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa umma wazijaribu katika kazi zao:

Mhusika mkuu: mtu ambaye kisa kimejengwa juu yake, awe na tabia yoyote.

Shujaa: mhusika, mkuu au mdogo, aliyetenda jambo la ujasiri linalostahili sifa.

Riwaya ya fumbo: riwaya inayotegemea siri inayofichuliwa hatua kwa hatua.

Riwaya ya upelelezi: riwaya ya fumbo yenye mtu anayeitafuta siri hiyo kama kazi.

Riwaya ya kijasusi: riwaya inayohusu siri za nchi na wanaozitafuta.

Riwaya ya kusisimua: riwaya ya aina yoyote inayokusudia kumsisimua msomaji.

Taharuki: hali ya msomaji kungoja kwa roho juu.

Dalili: jambo ndani ya kisa linaloweza kuwafikisha wahusika kwenye ukweli.

Kidokezo: jambo ambalo mwandishi amemwekea msomaji kwa makusudi.

Msimulizi mwenye upeo mfinyu: msimulizi mkweli asiyeyaona yote.

Kujishuku: kuhisi una hatia pasipo sababu ya kutosha.

Kujitilia shaka: kutokuwa na hakika na uwezo au maoni yako.

Kutojiamini: hali ya kudumu ya kutoutegemea uwezo wako.

Mshukiwa, mtuhumiwa, mshtakiwa: anayedhaniwa, aliyetajwa mbele ya mamlaka, aliyefikishwa mahakamani.

Haya ni mapendekezo, wala si sheria. Istilahi hupitishwa na matumizi kuliko kalamu ya mtu mmoja. Mwalimu anaweza kuanza leo kwa kubadili swali moja la mtihani. Badala ya "Shujaa wa riwaya hii ni nani?", na aulize, "Mhusika mkuu ni nani, na je, ni shujaa?" Swali la kwanza lina jibu moja la kukaririwa. La pili linamtaka mwanafunzi afikiri.